Kabati la Joto

Booligal, 11 Oktoba 1897

Kaka yangu Enoch,

Salamu hizi zikukute salama, na zikuwahi kabla ya vumbi letu, maana upepo wa wiki hii umebeba nusu ya shamba kuelekea huko kwenu Sydney. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Jenifer ametimiza miaka kumi na sita, anapanda farasi kama babake na kujibu kama shangazi zake, na babake hana tena nguvu za kumkanya. Amos mgongo unamsumbua tangu tulipomaliza kukata manyoya. Mbwa wamechanika nyayo kwa miiba na ardhi ya moto, kwa hiyo nimewashonea viatu vya ngozi, na wanatembea navyo kwa maringo kama mabibi wanaokwenda kanisani. Hicho ndicho kicheko pekee tulichokuwa nacho mwezi huu.

Sasa lililonikalisha mezani. Kimeta kimerudi. Kondoo analala mzima, asubuhi unamkuta miguu juu, tumbo limevimba na damu nyeusi inamtoka puani. Walianza kufa upande wa bwawa, sasa wanakufa kila mahali.

Najua utakalouliza: si mlichanjiwa mwaka jana? Kaka, sikufichi. Yule mtu wako uliyemtuma na chanjo yako alikuja, akachoma sindano ya kwanza, akasema wiki mbili baadaye tuwakusanye tena kwa sindano ya pili. Hatukuwakusanya. Ni nchi tambarare isiyo na mwisho, na sisi ni watatu na mbwa waliovaa viatu. Kuwakusanya mara moja kulitumaliza, na manyoya yalikuwa yanasubiri mkokoteni. Hakuna mkulima mdogo hata mmoja kutoka hapa mpaka mtoni aliyechoma mara ya pili. Sasa kondoo wanakufa na lawama umebeba wewe. Jumapili jirani yetu Otto Schirmer, yule Mjerumani, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa: "Mama Jenifer, mwambie kaka yako kwamba maji ya kisima changu yana nguvu kuliko dawa yake, tena siuzi." Watu walicheka. Nami nilicheka, nikaja kukasirika njiani.

Ulipokuja Krismasi ulimwambia Amos kwamba umekaribia kupata chanjo ya sindano moja. Ulisema hivyo mbele yangu, ukiwa umeshika kipande cha keki yangu ya zafarani. Nitumie hiyo. Hatuna nguvu za sindano mbili, lakini moja tutaweza.

Dada yako,
Loveday


Balmain, Sydney, 25 Oktoba 1897

Mdogo wangu Loveday,

Barua yako ilifika ikiwa na vumbi kweli, nikalikung'utia dirishani, kwa hiyo kipande cha shamba lenu sasa ni mali ya Balmain. Mimi sijambo. Kifua kinanikoroma asubuhi, basi, ni mambo ya umri. Mwenye nyumba ananung'unika kwamba mchuzi wa nyama ninaouchemsha bandani unanuka mtaa mzima, nami humwambia watu wa mtaa huu wana bahati ya kunusa nyama. Paka Mudge yu hai na ni mjeuri. Amegundua kwamba lile kabati la joto ninamolelea mbegu za ugonjwa ndilo mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba, na kila alfajiri anaukwaruza mlango wake akitaka alale ndani. Ufunguo ninauvaa shingoni, hata nikioga.

Mambo ya sindano. Mbili ni mbili, Loveday. Wafaransa walioanzisha chanjo hii hawakuwa wajinga. Mbegu ya kwanza ni dhaifu, inaufundisha mwili wa kondoo adui anafananaje. Ya pili ina nguvu zaidi, na hiyo ndiyo inayofunga mlango. Ukichoma ya kwanza ukaacha ya pili, umejenga ukuta wa kufika kiunoni, kisha unamshangaa mwizi anaporuka. Mimi ninatukanwa makanisani kwa sababu watu wamechoka kupanda farasi!

Hiyo ya sindano moja, bado. Unaielewa kazi yenyewe? Nataka mbegu yenye nguvu ya kumkinga kondoo lakini isiyoweza kumuua, tena iweze kulala kwenye kichupa miezi na miezi bila kufa wala kulegea. Zilizo kali zinaniulia sungura. Zilizo pole zinakufa zenyewe kabla hazijafika stesheni. Naijaribu, naipima, nairudia. Ikiwa tayari dunia itajua. Kwa sasa bado ni bado.

Mwambie Amos asichune mzoga hata mmoja. Kisu kikiugusa tu, ile damu inaingia ardhini na kukaa humo miaka, na inaweza kuingia mwilini mwake pia. Mchomeni kondoo palepale alipoangukia.

Kaka yako,
Enoch


Booligal, 10 Novemba 1897

Kaka Enoch,

Pole na kifua. Chemsha asali na siki, na ufunge dirisha, maana mama alikwambia hivyo tangu tulipokaa Burra ukiwa mtoto na hukusikia. Huku joto limeanza mapema. Siagi tunainywa. Jenifer amepata mchumba au amepata kero, bado hajaamua, ni kijana anayemsaidia Hogan kwenye gari la posta. Hogan mwenyewe anakusalimu, anasema barua zako ni nzito kuliko za serikali, je, unaandikia juu ya mawe?

Nilimsomea Amos ile sehemu ya kuchoma mizoga. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amelala chali sakafuni kwa ajili ya mgongo, kisha akasema, "Mwambie shemeji aje achome yeye. Kiberiti nitampa. Kuni aje nazo." Enoch, umesahau nchi hii? Hakuna mti mpaka macho yachoke. Kuna vichaka vya chumvi vinavyofika magotini, basi. Kuni za kumchoma kondoo mmoja ndizo kuni zangu za kuokea mkate mwezi mzima. Na Amos anawachuna kwa sababu ngozi ndiyo unga wetu. Kondoo akifa na ngozi yake ikaoza naye, tumefiwa mara mbili. Babake alichuna, babu yake alichuna huko Cornwall, na hapa kila mtu anachuna, hata mchungaji wetu wa kanisa. Mtu anayeacha ngozi nzuri juu ya mzoga huku anaonekana mvivu, na afadhali Amos afe kuliko aitwe mvivu.

Nikwambie jambo na usikasirike. Wewe umetengeneza chanjo ya watu wenye vibarua. Ugonjwa wetu wa kwanza huku ni uchovu, kimeta ni cha pili. Saa kumi alfajiri niko juu ya farasi, jioni nawasha jiko, na katikati nimezika, nimekanda, nimefua, nimeshona viatu vya mbwa. Amos anasinzia akiwa amekaa farasini. Usituambie mbili ni mbili. Tunajua kuhesabu.

Kama hiyo ya sindano moja ina kasoro, tutumie na kasoro yake. Kondoo wanakufa hivi hivi. Ikiwaua wachache ikaokoa waliobaki, nitakushukuru.

Loveday


Balmain, 24 Novemba 1897

Mdogo wangu,

Asali nimekunywa, siki nimeimwaga. Mwambie Jenifer achague kero, mchumba atakuja mwenyewe. Mudge ameniulia njiwa na kumweka juu ya kitabu cha jirani, sasa hatusalimiani na jirani.

Sikukasirika. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Lakini nawe nisikilize, maana jambo hili sijamwambia mtu.

Unaomba kichupa kana kwamba unaomba chumvi. Kilichomo kwenye kichupa ni kitu kilicho hai. Mwenye kichupa kimoja na sufuria ya mchuzi anaweza kukizalisha mpaka kikajaza mapipa, na hapo kazi yangu ya miaka kumi imekuwa yake. Unamkumbuka Lidgett, yule mshirika wangu aliyekula kwako akasifu mkate? Mbegu zangu za mwanzo alitoka nazo mfukoni mwa koti. Mwezi uliofuata gazeti lilimwita "mwanasayansi wetu mahiri", na mimi nilitajwa chini, nikiitwa fundi. Fundi! Siku ile niliapa kwamba mbegu yangu haitoki tena mlangoni isipokuwa mkononi mwa mtu niliyemwajiri mimi, na inarudi naye.

Basi hata kama ingekuwepo, nisingeiweka kwenye gari la Hogan ipite mikononi mwa kila mtu kutoka hapa mpaka mji wa Hay. Mwezi Januari nitamtuma mtu wangu kwako kwanza kabla ya matajiri wote. Atachoma mwenyewe, sindano zote mbili, na atakaa kwenu kati ya ya kwanza na ya pili asaidie kukusanya. Zaidi ya hapo sina la kufanya. Vumilieni mpaka Januari.

Nakupenda, hata unaponikalipia.

Enoch


Booligal, 8 Desemba 1897

Kaka,

Krismasi njema mapema. Keki nimeoka, nitaituma kama joto halitaila. Wote tunakusalimu.

Januari ni mbali. Sitarudia niliyosema. Jana tumeburuta mizoga mpaka farasi akakataa. Schirmer naye wanamfia sasa, hachekeshi tena watu mlangoni mwa kanisa.

Naandika kwa haraka, Hogan yuko uani anapiga mluzi. Jenifer anakuomba utepe wa bluu ukipata. Amos ana kipele mkononi, chini ya kiwiko, cha tangu Jumapili. Kilianza kama ameumwa na mdudu, sasa katikati kimekuwa cheusi kama kipande cha mkaa na mkono umevimba kidogo. Hakimuumi hata chembe, ndiyo maana hajali, ila usiku ana homa. Nimemkandika ugali wa ngano wa moto. Kama unajua kitu kizuri zaidi cha kukandika, niandikie.

Loveday


Balmain, 14 Desemba 1897

Loveday,

Nimepata barua yako asubuhi hii na nimetoka ofisi ya telegramu sasa hivi. Natumaini telegramu imekufikia kabla ya hii. Narudia hapa: ni kimeta. Kisichouma ndicho hicho. Laiti kingemuuma! Kidonda cha kawaida kinauma, hiki hakiumi, na watu wanakidharau kwa sababu hiyo. Mpakie Amos garini mumpeleke kwa daktari huko Hay leo, si kesho, akikate chote mpaka nyama safi. Msikikande, msikikamue. Akikataa mfungeni kamba. Wapo wanaopona kikikatwa mapema, nimewaona kwa macho yangu.

Na ninakutumia vichupa. Vyote. Vimo kwenye kopo, nimevifunga kwa kitambaa kilicholowa, na sindano nimeziweka juu. Usiogope joto la safari, mbegu hizi zimekaa kabatini tangu Juni na hazijapungua nguvu hata kidogo. Ni sindano moja, ndani ya paja, pasipo na manyoya. Moja tu, hakuna ya pili. Achome yeyote mwenye mkono usiotetemeka, simjali ni nani. Mpe na Schirmer vikibaki.

Mpeleke Amos Hay. Nakuomba.

Enoch


Balmain, 9 Januari 1898

Mdogo wangu Loveday,

Mwaka mpya na uwe mwema kwenu. Sijapata neno. Nimekwenda posta kila siku mpaka karani ananitikisia kichwa nikiwa bado barabarani. Nimesoma gazetini kwamba reli ya Hay ilisimama kwa siku kadhaa kwa ajili ya moto wa nyasi, labda barua zako zimekwama huko. Utepe wa Jenifer nimeununua. Nimechukua rangi mbili kwa kuwa sijui bluu zenu.

Amos hajambo? Niandikie neno moja tu, hata Hogan aliandike.

Enoch


Balmain, 20 Februari 1898

Dada yangu,

Jenifer ameniandikia mistari miwili. Kwamba babake alizikwa tarehe kumi na sita Desemba, na kwamba wewe huandiki bado.

Sijui mtu anaandika nini hapa. Nimemkumbuka siku ya harusi yenu, alivyonibeba mabegani kunivusha tope mbele ya watu wote nikiwa na kofia yangu ya kukodi, akaniuliza kama wasomi wa Sydney hawana miguu. Nilikuwa nampenda shemeji yangu. Nadhani sikuwahi kumwambia.

Nimekaa na barua hii siku nzima nikiizuia kalamu, na imenishinda, kwa hiyo nauliza. Mlichanja? Na kama mlichanja, ikawaje? Usinijibu kama hutaki.

Enoch


Booligal, 3 Aprili 1898

Enoch,

Sisi wazima. Mvua ilinyesha kidogo mwezi wa tatu, nyasi zimechungulia. Mbwa mkubwa amekufa kwa uzee, viatu vyake nimempa mdogo. Jenifer anafanya kazi ya babake na yangu, na yule kijana wa posta sasa anashuka garini bila kuambiwa. Utepe ulifika. Nitakueleza yote mara moja, kwa sababu sitaki kuyaandika mara mbili.

Amos alikataa kwenda Hay. Kabla ya telegramu yako nilimwambia mimi mwenyewe kwamba kidonda kile sikipendi. Alinicheka: "We mama, kisichouma hakiui. Kitakachoniua ni huu mgongo." Hayo yalikuwa Jumamosi. Jumapili uvimbe ulifika kifuani, Jumatatu hakutujua, Jumatano alfajiri alikufa. Jenifer alikuwa amemshika mkono ule mzima. Kwa joto lile hatukuweza kungoja, tukamzika kesho yake Alhamisi. Hogan aliingia na gari la posta wakati mchungaji akisoma. Telegramu yako ilikuwa imelala Hay ikisubiri siku ya gari, na kopo lako lilikuwa limepakiwa pembeni yake. Alinikabidhi vyote viwili palepale kaburini, hakujua afanye nini navyo, maskini, alikuwa amevua kofia na mikono imejaa. Telegramu niliisoma nikiwa nimesimama juu ya udongo wa Amos. "Mpeleke Hay leo."

Unajua desturi ya huku. Watu wanatoka mbali, hawawezi kurudi siku hiyohiyo, wanalala. Na asubuhi hakuna anayetandika farasi wake mpaka amemuuliza mjane: marehemu ameacha kazi gani? Akiacha ua haujakwisha, wanaumaliza. Akiacha kisima, wanachimba. Schirmer ndiye aliyeniuliza, kwa niaba ya wote, na kofia iko kifuani. "Mama Jenifer, Amos ameacha nini?"

Nikamwambia, "Ameacha kondoo hawajakusanywa."

Sijapata kuona farasi wengi namna ile kwenye uwanda wangu. Kazi iliyokuwa ikituua sisi watatu waliimaliza jua likiwa bado juu. Wanawake walishika milango ya zizi, na hata mchungaji alibeba kondoo. Schirmer alichukua sindano mwenyewe. "Haya," akasema, "tuwape maji ya kaka yake." Hakuna aliyecheka, naye hakutaka wacheke. Walichoma wote, mara moja, wakala, wakatandika farasi, wakaenda zao.

Wiki ya kwanza walikufa wachache. Kisha hakufa hata mmoja. Januari yote, Februari yote. Upande wa pili wa waya, kwa Schirmer, waliendelea kuanguka, maana vichupa havikubaki, na wangu walikuwa wanakula nyasi hatua chache kutoka kwa wafu wake. Siku moja alikuja akaegemea ua, akatazama huku, akatazama kwake.

"Wako hawafi," akasema.

"Naona."

"Umemwandikia kaka yako?"

"Bado."

"Miezi miwili, Mama Jenifer. Yule mtu atakuwa hapati usingizi."

"Bado ni bado," nikamwambia.

Basi sasa nakwambia. Imefanya kazi. Sindano moja, wiki ya joto kali kuliko zote, vichupa vilivyosafiri kwa treni na gari la farasi, mikono ya watu wasiojua kitu. Ulichokitafuta miaka kumi umekipata. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utafurahi, na sikuweza kuvumilia kwamba awepo mtu duniani atakayefurahi.

Na kuna jambo la pili. Uliandika kwa haraka siku ile, sidhani uliisoma tena barua yako. Ulinituliza nisiogope joto, ukasema mbegu zile zimekaa kabatini tangu Juni. Mimi nilikuomba Oktoba. Nikaomba tena Novemba. Ulinijibu bado, na ilikuwa pale, nyuma ya mlango, na ufunguo shingoni mwako. Amos alimchuna kondoo aliyemwambukiza mwishoni mwa Novemba. Angekuwa amechanjwa asingekufa, na asingechunwa.

Sitaki pole yako. Pole ninazo za kutosha, zimejaa nyumba. Schirmer anafilisika, na nyuma yake wako wengine mpaka mtoni, na kiangazi kitarudi. Kama una kitu cha kunipa, fungua hilo kabati.

Loveday


Balmain, 19 Juni 1898

Dada yangu Loveday,

Salamu kwako na kwa Jenifer. Kifua kile kile, daktari anasema maneno yake.

Ulisema kweli. Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni, nilipofika "hakufa hata mmoja" niliipiga meza kwa kiganja na kupiga kelele, mpaka Mudge akakimbilia uani. Nilifurahi, Loveday, nikiwa nimetoka tu kusoma jinsi Amos alivyokufa. Kisha nikafika kwenye Juni.

Sina utetezi. Nilitafuta, nimekaa wiki hizi zote nikiutafuta, ndiyo maana nimechelewa. Mwanzo niliandika kwamba nilitaka kuipima mwaka mzima ndipo niitoe, na hilo nusu yake ni kweli, lakini nusu nyingine ni Lidgett, na karatasi ile niliichana. Nilikuwa namzuia mwizi mmoja asile, na kwa ajili yake nikaifungia njaa nyumba ya dada yangu.

Nimefanya ulilosema. Wako watu wawili wa serikali wa mifugo bandani kwangu tangu Mei. Nimewaonyesha kila kitu: ninavyochagua mbegu, joto ninalozilelea, jinsi ya kuzilaza zisife. Wananiuliza jina la chanjo liwe nani, nimewaambia waandike ni ya kondoo. Nimemwandikia na Lidgett aje aone kama anataka. Hajajibu, nadhani anahofia mtego. Vichupa vya Schirmer na majirani zako wote vitatoka hapa Septemba, bila mtu wangu, bila sharti. Kila mtu atachoma mwenyewe.

Mimi nimechoka sana, na hapa sijilinganishi na wewe. Ufunguo sijui uko wapi, nadhani mmoja wa wale vijana ameuweka mahali. Mlango wa kabati tunauacha wazi sasa, mbegu zote wamezihamishia kwao. Moto wa taa yake sijauzima kwa sababu Mudge amelala ndani na ninamwonea huruma kumtoa.

Enoch


Booligal, 14 Agosti 1898

Kaka Enoch,

Salamu. Tumesoma barua yako mimi na Jenifer, yeye kwa sauti, mimi nikishona. Amecheka kwa ajili ya paka. Ni mara ya kwanza kumsikia tangu Desemba, kwa hiyo barua imefanya kazi hiyo angalau.

Kuhusu mengine sina la kusema bado. Nitakuwa nalo siku moja, au sitakuwa nalo. Nimechoka hata kukasirika, Enoch, na hasira nayo inataka mtu mwenye nguvu.

Wiki ya pili ya Oktoba tunakusanya kondoo, sisi na Schirmer na wote wa mpaka mtoni, shamba hadi shamba, vichupa vyako vikifika. Tumekubaliana tufanye kama msiba, kila mtu aje na farasi wake, tusisubiri afe mtu kwanza. Watu hawatoshi.

Panda treni mpaka Hay, Hogan atakuleta. Usije na zawadi. Lete ngozi ngumu ya viatu vya mbwa, na ile kofia yako iache, jua letu halina adabu na kofia. Farasi wa Amos yupo. Hajapandwa na mtu, tumekuwa tukimpitia tu zizini yeye akitutazama. Hapendi wageni, lakini nawe ukija na mikono miwili na ukakaa kimya, nadhani atakubali.

Dada yako,
Loveday